Siku ya Kutofagia

Watu wa nyumbani wakisikia jangwa hudhani ni jua tupu mwaka mzima. Hawajaamka Al Thumama, mtaa wa Doha kule Qatar, asubuhi ya Februari. Ukungu ulikuwa ukishuka mzito kama tui la kwanza, unameza nyumba, unameza minara ya misikiti, unameza hata taa za barabarani zikabaki madoa ya manjano yanayoelea. Ndege zinazotua uwanja mpya ulikuwa unazisikia tu juu ya kichwa, huzioni, kama majini wanahama nyumba. Mimi nilikuwa nikishuka kwenye basi la wafanyakazi na kufika shuleni kwa kupapasa ukuta, na siku nyingine nadhani niliingia mlangoni nikiwa bado usingizini, nikaamka baadaye kidogo watoto wameshanizunguka.

Ilikuwa shule ndogo ya chekechea, nyumba ya ghorofa moja iliyogeuzwa madarasa, na watoto waliotoka kila pembe ya dunia. Ukiita majina ya asubuhi unajiona kama mwongoza ndege.

Nilikuwa msaidizi. Kabla ya hapo nilifanya usafi katika hoteli moja ya West Bay, na ninaposema usafi, elewa kwamba mazulia niliyoyafagia ukiyaunganisha yanafika Tanga na kurudi, na chenji inabaki. Jioni wenzangu wakinyoosha miguu, mimi napanda basi kwenda kusoma malezi ya watoto wadogo. Hata kidato cha nne nilikipata hivyohivyo, kwa masomo ya jioni kule nyumbani, kwa hiyo akili yangu mpaka leo haifunguki sawasawa kabla ya magharibi. Cheti nikakipata. Nikampigia mama simu nikamwambia, "Mama, mwanao ni mwalimu," naye kabla hata sijakata simu alikuwa ameshatoka kibarazani kuutangazia mtaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa chumba cha watoto wachanga, na kazi yangu ilikuwa nepi. Nepi asubuhi, nepi mchana. Usiku nilikuwa naziota.

Ndipo mwalimu wa darasa la miaka mitano akaenda kujifungua mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwenye shule, mama wa Kilebanoni tuliyemwita Madamu, ambaye manukato yake yalikuwa yakifika chumbani yakakaa kwenye kiti kabla yeye hajatokea, aliniita ofisini.

"Sikia, habibti," akasema. "Darasa ni lako kwa wiki hii na mwanzo wa wiki ijayo. Jumatatu nitaleta wazazi wapya walione. Wakipenda wanachokiona, unabaki na darasa mpaka mwaka uishe. Wasipopenda, unarudi kwa watoto wachanga. Sawa?"

"Sawa, Madamu."

"Na liwe safi. Safi, safi, safi. Wazazi wakiingia wanaangalia sakafu kwanza."

Nilitoka nimeota mabawa. Nilimwona mama kibarazani akiulizwa na majirani, "Vipi, mwalimu hajambo?" nikajiapiza kwamba nepi sirudii.

Somo la wiki mbili zile lilikuwa sikukuu za dunia, na zamu ilikuwa ya mwaka mpya wa Kichina, ambao mwaka ule uliangukia Jumatatu ileile ya wageni. Mwalimu aliyeondoka aliniachia boksi la karatasi nyekundu, karatasi za dhahabu, gundi, na mikasi ya watoto isiyo na ncha. Basi. Mengine nijitegemee.

Nikasoma, nikauliza, nikaangalia picha. Wachina, nikajifunza, mwaka mpya ukiingia hupiga fataki, kwa sababu hapo kale palikuwa na mnyama aliyetoka mafichoni kila mwisho wa mwaka kula watu, na kitu alichokiogopa ni rangi nyekundu na kelele. Niliwasimulia watoto. Nakiri kwamba mikononi mwangu mnyama yule alikua. Alipotoka kitabuni alikuwa kama simba. Nilipomaliza mimi, kichwa chake kiko The Pearl, kisiwani baharini, na mkia bado unatoka jangwani. Watoto walikaa midomo wazi. Mmoja akauliza kama anaweza kula ndege ikiwa inaruka. Nikamwambia anazila kama njugu.

Fataki za kweli shuleni haziwezekani, kwa hiyo tukatengeneza zetu. Siku zile zote nilikusanya vile vikaratasi vigumu vya mviringo vinavyobaki katikati karatasi ya chooni ikiisha. Nyumba nzima tuliyokuwa tunaishi wanawake wa Kiafrika Mashariki ilinichangia, mpaka wakaanza kuniuliza naumwa nini. Kila mtoto akavika chake karatasi nyekundu, akakipiga mshipi wa dhahabu juu na chini. Upande wa chini tukaziba kwa karatasi laini iliyogandishwa kidogo tu, na uzi umening'inia. Ndani tukajaza vipande vyekundu. Kuvikata vipande hivyo ndiko kulikochukua siku. Watoto wa miaka mitano wakipewa mkasi na ruhusa hawasimami. Walikata wakati wa hadithi, walikata wakati wa matunda, darasa likawa na mlio mmoja laini wa chwi-chwi-chwi, kama mvua inayonyesha mbali, na mimi nikitembea katikati yao nilihisi muda umelala. Nje ukungu, ndani wekundu. Kuna nyakati nilisahau niko nchi gani.

Jumatatu ikafika. Mtoto mmoja wa Kichina, msichana mdogo wa maneno machache sana, alikuja na bibi yake, mama wa baba, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe mhandisi. Bibi alivaa koti jekundu lenye vifungo vya kamba. Kiingereza hana, Kiarabu hana, Kiswahili ndiyo usiseme. Tukasalimiana kwa kuinamiana, na mimi kwa kuwa nimelelewa kuheshimu wakubwa niliinama, naye akainama, nikaona ameinama zaidi yangu, nikainama tena, mpaka mjukuu akatutazama kama anashangaa tunatafuta nini chini.

Tukatundika fataki kwenye kamba kutoka dirishani hadi kabatini. Chini tukatandaza nailoni yenye vipovu vya hewa, ile wanayofungia vyombo visivunjike. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Watoto wakavuta nyuzi, wakarukia nailoni kwa miguu yote, na nakuambia, mlio ule! Pa! Papapa! Mnyama yule kama alikuwa njiani aligeukia Bahrain. Na kutoka juu vikaanza kushuka vile vipande, vyekundu, vyepesi, vikichelewa hewani kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kinavipepea, vikatua kwenye nywele, kwenye mabega, kwenye kikombe cha maji, kwenye viganja vilivyonyooshwa. Kelele ikafa yenyewe. Watoto wote walikuwa wanatazama juu.

Mimi, kwa mazoea ya miaka, mkono ukaenda kwenye ufagio.

Bibi akanishika kiganja. Akatikisa kichwa. Akaonyesha sakafu, akaonyesha mlango, akafanya kama anayemwaga kitu nje, kisha akajishika kifuani na kusikitika kwa uso mzima. Mjukuu wake, ambaye wiki nzima sikumsikia akisema sentensi kamili, akatafsiri.

"Leo hatufagii. Ukifagia, bahati inatoka nje."

Sasa mwingine angesema, mila za watu hizo. Lakini mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekua nikiambiwa ole wako nikukute na ufagio jua likizama, unatufukuzia riziki. Yule bibi hakunifundisha kitu kigeni. Alinigusa pale ambapo bibi yangu mwenyewe alinigusa na mwiko. Nikauweka ufagio chini kama umenichoma.

Na kama ujuavyo, mimi nikishika jambo silishiki kwa vidole viwili. Nikawakusanya watoto nikawaapia kwamba leo, mpaka kesho asubuhi, hapana mtu atakayefagia darasa hili, awe mkubwa awe mdogo. Bahati yote ya mwaka imelala sakafuni. Nikaufungia ufagio kabatini, na wageni wa Madamu wakanitoka kichwani kabisa. Watoto wakapokea kwa uzito wa mahakimu. Mmoja aliyemwaga wali wakati wa chakula alikataa hata kuokota punje. "Ticha, ni bahati," akasema. Nikamwambia wali si katika makubaliano.

Bibi akaaga. Mchana ukaingia. Watoto wakatandikiwa vigodoro vyao wakalala palepale katikati ya ule wekundu, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Pazia limefungwa nusu. Ukungu haukuwa umeondoka bado, na mwanga ulioingia ulikuwa mweupe, usio na upande. Kiyoyozi kilipumua, na kila kikipumua vile vipande vilisogea kidogo, vikapanda juu ya mguu wa mtoto, vikashuka, vikakusanyika shavuni mwa mwingine, vikaenda zao. Watoto walipumua, kiyoyozi kilipumua, sakafu ilipumua. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, nikaona kama sote tumo ndani ya samaki mkubwa mwekundu anayeogelea polepole chini ya Doha, na juu yetu huko watu wanapiga honi bila kujua.

Mlango ukafunguka taratibu. Alikuwa dada wa usafi, Mkenya wa Kakamega, rafiki yangu wa karibu na mtani wangu wa kila siku. Alisimama. Akatazama sakafu. Akanitazama.

"Wee," akanong'ona. "Hii ni nini? Mbongo, hii ni nini umefanya?"

"Shh. Ni mwaka mpya."

"Mwaka mpya wa nani? Madamu ako hapo nje na watu! Amekuja mapema. Ako kwa watoto wachanga saa hii, akitoka huko ni hapa. Leta ufagio."

"Hatufagii leo."

"Ati?"

"Tukifagia, bahati inatoka."

Alinikodolea macho kama vile nimemwambia nimeolewa na nguzo ya umeme.

"Aki ya nani, nyinyi Wabongo mtanimaliza. Bahati gani? Bahati yako iko kwa huyo mama wa manukato! Akiingia akute hii, wewe ni nepi mpaka ustaafu. Na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi."

Alikuwa anasema kweli tupu, na hilo ndilo lililoniuma. Watoto walikuwa wamelala. Ningeweza kufagia chap chap, vipande vikaingia kwenye mfuko mweusi, sakafu ikang'aa kama ya West Bay, na wazazi wakaingia wakaangalia sakafu kwanza kama walivyotabiriwa. Halafu watoto wangeamka. Ningewaambia nini? Niliwaapia. Na yule mjukuu, aliyetoa sentensi yake ya kwanza darasani kuniambia nisifanye hivyo, angefumbua macho akute nimefanya.

Nikafungua kabati. Nikatoa ufagio. Nikasimama nao kama askari aliyesahau vita ni upande gani.

"Fagia basi!" akanong'ona Mkenya.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu, si na mwiko safari hii. Nilikumbuka magharibi moja aliyofikiwa na wageni ghafla, na ukumbi umejaa maganda ya karanga. Hakuyaacha, wala hakuyatoa. Aliinama akafagia kinyume, kutoka mlangoni kuja ndani, taratibu, mpaka nyuma ya mlango wa chumba, akayafunika kwa ungo, yakalala humo mpaka asubuhi. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Kwetu mambo ya ufagio huulizi.

Nikaenda mlangoni. Nikageuza mgongo kwa nje, nikaanza kufagia kuelekea ndani, nikipita katikati ya vigodoro.

"Hiyo ni kufagia ama ni kuhamisha?" akauliza Mkenya.

"Ni kuhamisha."

"Basi hamisha mbio."

Nilikuwa nimefika katikati ya chumba nilipohisi natazamwa. Yule mjukuu alikuwa ameamka. Amekaa kwenye kigodoro chake, kipande chekundu kimeganda kwenye paji la uso, ananitazama mimi na ufagio. Nilitaka kusema neno, Kiingereza chote cha masomo ya jioni kikanitoroka.

Akautazama ufagio. Akatazama mlango, kisha akatazama kona ambako rundo lilikuwa linakwenda. Akafikiri. Halafu akashuka kwenye kigodoro, akapiga magoti, akaweka viganja viwili sakafuni, akaanza kusukuma vipande kuelekea konani, upande uleule wangu, kwa utaratibu wa mtu anayejua kazi yake. Kwao pia, nadhani, wageni huja ghafla.

Mtoto mwingine akaamka akamwona, akashuka. Kisha mwingine. Walikuwa bado na usingizi, macho nusu, nywele zimesimama, wakatambaa mmoja baada ya mwingine wakiusukuma ule wekundu mbele yao kwa viganja, kimya, kama wimbi dogo linalopanda ufukweni na kukataa kurudi. Hata Mkenya alipiga magoti. "Sisemi naamini," akaniambia, "ni vile tu magoti yanauma nikisimama." Manukato yalikuwa yameshaingia.

Madamu alisimama mlangoni, na nyuma yake baba aliyevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa mpaka inakata, na mama mwenye baibui, na kati yao mtoto wa kiume amemng'ang'ania mama yake mkono kwa mikono yote miwili, macho mekundu ya kulia. Baadaye niliambiwa kwamba kila shule waliyompeleka alilia mlangoni mpaka wakarudi naye.

Wazazi wakaangalia sakafu kwanza. Watoto waliendelea kutambaa. Rundo konani likawa linapanda.

Madamu akapata sauti. "Nini hii?"

Nilifungua mdomo, lakini watoto walikuwa wameshaanza kujibu, wote kwa pamoja, mnyama na fataki na bahati na kwamba mlangoni hairuhusiwi. Baba mwenye kanzu aliinamisha kichwa kuwasikiliza. Na katika makelele yale mtoto wake aliuachia mkono wa mama yake. Aliangalia watoto, akaangalia sakafu, akavua viatu kama tunavyovua tukiingia mahali pa heshima, akapiga magoti mwishoni mwa mstari, akaanza kusukuma.

Mama yake aliweka mkono mdomoni. Akasema neno kwa Kiarabu kwa mumewe, polepole, na mumewe akaitikia kwa kichwa.

Madamu aliwatazama wazazi, akamtazama mtoto, akalitazama rundo. Unajua mtu anayejua biashara yake anavyofikiri? Unaona kabisa mahesabu yanapita machoni.

"Bukra," akaniambia. "Kesho saa moja hii iwe imetoka. Khalas."

"Itatoka, Madamu."

"Na upitie ofisini mapema uchukue ufunguo. Mwalimu wa darasa ndiye anayefungua darasa. Mimi siwezi kukufungulia kila siku mpaka Juni."

Akaondoka na wageni wake kuonyesha uwanja wa michezo, ila mtoto wao alikataa kwenda, ikabidi wamwache kwangu. Mkenya alisubiri visigino vyao viishie koridoni, kisha akanipiga bega karibu alitoe.

"Mpaka Juni! Umesikia? Na hujafagia!"

"Nimehamisha."

"Nyamaza, mwalimu," akasema, na alilitamka hilo neno la mwisho kwa namna ambayo hajawahi kulitamka.

Jioni nilimpigia mama. Sikumwambia kwamba nimekuwa mwalimu, maana kwake nilikuwa nimeshakuwa. Nilimwambia nimefagia kwa kurudi ndani, kama bibi. Akacheka mpaka simu ikakwaruza.

Asubuhi yake ukungu tena. Nilichukua ufunguo ofisini, nikafungua mlango wa darasa langu, nikakusudia kulitoa lile rundo kabla hata mtoto mmoja hajafika, kama nilivyoagizwa. Lakini wazazi wa Doha siku za ukungu hutoka mapema kuogopa foleni, na watoto wa kwanza waliniwahi. Nikawaambia tu kwamba mwaka umeshaingia, sasa ruhusa kufagia, kupitia mlangoni na kwenda nje.

Nimefanya usafi miaka kwa miaka. Nimeona watu wakijificha vyooni wasipewe ufagio, wakizimia, wakipata misiba ya ghafla. Sijawahi kuona watu wakiupigania. Wote waliutaka, mjukuu wa bibi, aliyemwaga wali, na yule mgeni wa jana aliyefika bila kulia akavua viatu mlangoni, na kila mmoja ana sababu kwa nini ni yeye wa kwanza. Ufagio ulikuwa mmoja. Walivutana, wakashtakiana, wakanizunguka, "Ticha, ticha, ticha," na mimi katikati yao, ufunguo mkononi, ilikuwa kesi yangu ya kwanza kuamua.

"Pangeni mstari," nikasema. Wakapanga.